Salamu ya Mikono Miwili

Mwamgongo,
Jumapili, 11 Februari 2024

Wifi yangu Siwema,

Pokea salamu za hapa nyumbani, zote kwa mpigo mmoja. Kaka yako Gasper hajambo, mgongo umemwachia, ingawa bado anaushika akitaka nimwonee huruma. Bariki ameingia darasa la pili na meno ya mbele hana, basi akisoma kwa sauti ni mate matupu. Happiness ameanza kutembea. Nyani wameshuka tena kutoka Gombe wakamaliza mahindi ya nyuma ya choo, na mmoja akaondoka na sufuria yangu ndogo. Nyie huko mjini mna wezi, sisi tuna hawa. Shemeji Leodgar na watoto, Esther na Patrick, wape salamu zangu.

Najua utashangaa kupata karatasi. Nimempa Pastory, nahodha wa boti, nikamwambia akukabidhi mkononi pale bandarini Kibirizi. Nikikupigia kwa kitochi changu unasema, "Wifi niko bize, nitumie meseji," na jambo hili haliingii kwenye meseji. Halafu chumba cha mama na changu vimetengwa na ukuta mmoja wa udongo, anasikia hata nikimeza mate.

Jambo lenyewe ni ile simu kubwa uliyomtumia mama Krismasi. Ahsante kwa simu. Nimeshashukuru, sasa niseme.

Zamani tukianika dagaa tulikuwa wawili. Mimi nageuza, yeye kwenye kigoda chake anatoa takataka, na mdomo haulali. Sasa anakaa kwenye kigoda kilekile anamtazama mwanamke wa Kizungu anaosha mazulia. Zulia linaingia jeusi, linatoka jekundu. Mama analitazama hadi mwisho, halafu jingine. Nyumba hii haijawahi kuwa na zulia hata moja, wifi.

Na salamu je? Nilipoolewa hapa sikuijua salamu yenu. Kwetu Ujiji ni shikamoo, marahaba, umepita. Mama ndiye aliyenifundisha kupiga magoti mlangoni kwake asubuhi, tukapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, tukaulizana watoto, mbuzi, mvua na usingizi, na makofi hayakatiki mpaka habari ziishe. Mimi mama yangu alikufa nikiwa na umri wa Happiness. Sijawahi kusalimiwa na mtu kwa muda mrefu namna ile.

Tangu simu ifike mama ana mkono mmoja. Wa kulia umeshika simu, wa kushoto anajipiga pajani, pa, pa, macho yako kwenye kioo. "Mwakeye, umelalaje?" Kabla sijasema nimelalaje ameshacheka, na si mimi niliyemchekesha.

Kilichobaki changu ni kimoja tu. Tangu mwezi uliopita, kukipambazuka, kabla hajafungua mlango, nasikia makofi huko ndani, ya mikono miwili, na sauti yake: "Mwakeye, mwanangu." Halafu ananyamaza, anangoja. Mimi niko uani nawasha moto. Naacha kuni, napiga magoti palepale kwenye majivu, naitikia. Sikumwomba, ameanzisha mwenyewe. Nadhani anajua kwamba mchana ananidhulumu, basi asubuhi ananilipa.

Nasema wazi, wifi, naona wivu. Naionea wivu simu, mtu mzima mimi. Nakuomba hilo bando unalomwekea kila wiki ulipunguze. Au uje mwenyewe umwone. Mwaka wa tatu huu hujakanyaga hapa, na boti ikitoka huku asubuhi mchana iko Kibirizi.

Wifi yako,
Merina (Mama Bariki)


Ujiji,
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwa wifi Merina,

Karatasi yako nimeipata. Pastory aliitoa kifuani kama hati ya shamba, watu wa Kibirizi wakadhani nimeshtakiwa. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa shule, kwa hiyo vumilia mwandiko. Ukurasa huu nimeuchana kwenye daftari la Esther, naye bado hajui.

Huku tu wazima. Leodgar yuko na kazi zake za bandarini. Patrick amerefuka, suruali zote zimekuwa kaptula. Shangazi yako nilimwona sokoni Mwanga, amenenepa, anakusalimu sana. Meza yangu ya dagaa inakwenda.

Sasa, wifi. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimechukia.

Mama amekaa mbele ya moshi na dagaa tangu mimi sijazaliwa. Leo akitazama mazulia mtu anaumia? Mwache atazame. Angetazama hata wanaoosha magari, ni macho yake na bando ni langu. Na nimeona kitu kingine. Umeandika "mama", "mama", "mama" kila mstari. Nimetafuta mahali ulipoandika "mama mkwe", hakuna. Huyo ni mama yangu mimi, Merina. Ulipewa kaka yangu, hukupewa na mama.

Unajisifu kwamba alikufundisha salamu. Mimi sikufundishwa, nilizaliwa ndani yake. Wala sikupenda ulivyoandika habari za makofi ya asubuhi, kama mtu anayeniringishia kitenge.

Kwa nini siji? Biashara. Nikiiacha meza yangu siku mbili naikuta imekaliwa na mtu. Basi.

Na kwa kuwa umeanza wewe, nami niseme langu. Nimeongea na mama kwa simu. Baada ya Pasaka, mvua zikipungua, anakuja Ujiji. Si kutembea, ni kukaa. Chumba kipo, umeme upo, hospitali iko karibu. Amesema sawa. Wewe una mume na watoto na ziwa lote hilo, huwezi kukosa cha kukushughulisha.

Bando sipunguzi. Nimeongeza.

Siwema


Mwamgongo,
Jumapili, 21 Aprili 2024

Wifi yangu mpendwa Siwema,

Samahani kwa kukawia. Injini ya boti la Pastory iliharibika, halafu ziwa likachafuka wiki nzima. Pasaka tulikula vizuri. Gasper alichinja jogoo yule mkorofi, na Bariki alimlilia jogoo huku anakula paja. Jino moja la mbele limeanza kuchungulia. Mama hajambo, magoti tu kwa sababu ya baridi ya mvua.

Magunia yako matatu ya dagaa Gasper aliyapeleka mwenyewe kwenye boti Jumanne baada ya Pasaka, natumaini yalifika salama. Lile lenye kamba ya bluu, ulilifungua mwenyewe au uliliuza zimazima? Nauliza tu, nina wasiwasi dagaa wake hawakukauka vizuri.

Nina habari mbaya. Simu ya mama imepotea. Nadhani ni nyani. Aliiacha kwenye kigoda akaenda kunawa, aliporudi haipo. Namshuku yuleyule wa sufuria, maana ameshazoea njia. Mama alitafuta siku mbili, mpaka chini ya kuku anayeatamia. Siku ya tatu akaacha. Sikufurahi kumwona akitafuta, nataka ulijue hilo.

Ila mikono yake imerudi yote miwili. Nikienda mlangoni tunapiga makofi kama zamani, na juzi kwenye vichanja amenisimulia jinsi marehemu baba yenu alivyomchumbia kwa samaki aina ya kuhe ambaye hakumvua yeye. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi, kumbe nilikuwa na njaa ya sauti yake.

Kitu kimoja sikielewi. Yale makofi ya alfajiri yamekoma. Nakaa uani na kuni mkononi, nangoja, kimya. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema, "Ya nini tena?" Nikarudi kwenye kuni zangu.

Kuhusu Ujiji, tusiharakishe. Ziwa bado halijatulia, na magoti yake kwenye boti yatamtesa. Na bila simu mtapangaje siku? Ngoja kwanza, wifi. Nakuomba sana ungoje.

Merina


Ujiji,
Jumamosi, 27 Aprili 2024

Merina,

Huku wazima. Salamu zimekwisha.

Nyani wako ana akili sana. Ameiba simu, ameifunga kwenye kitambaa cha jikoni cha maua ya njano, kile nilichokupa mimi siku ya harusi yako, kisha ameitia katikati ya dagaa kwenye gunia la kamba ya bluu. Huyo nyani mpeleke shule.

Jumanne ileile magunia yalipofika, nilikaa juu ya moja pale Kibirizi nikawa nakunywa chai. Nikasema nimpigie mama nimwambie mzigo umefika. Gunia likaita chini yangu. Chai ilinimwagikia. Wapagazi wote wakageuka, mmoja akasema, "Mama Esther, kumbe dagaa wa Mwamgongo siku hizi wana mtandao!" Mpaka leo nikipita wananiuliza kama dagaa wamepokea.

Nilikaa kimya wiki tatu nione utasema nini. Nilidhani utaniandikia, "Wifi, nimekosa." Ukaniletea nyani.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Niliifungua simu. Mazulia niliyakuta, mengi kweli, na mahubiri, na mtu anayeanguka kwenye matope kila siku. Halafu Esther akafungua mahali pa video. Ziko thelathini na nane, zote mama amejirekodi mwenyewe. Ameiegemeza simu kwenye kigoda, kwa hiyo kichwa hakionekani, ni ukuta na magoti na mikono yake. Anainama, anaiambia simu kwa sauti ya chini, "Siwema, huyu ni mama yako." Anarudi nyuma. Anapiga makofi. "Mwakeye, mwanangu."

Halafu ananyamaza, ananingoja niitikie. Unajua ni nani anayeitikia? Ni wewe, huko nje, na kuni zako. Kwenye kila video, bila kukosa hata moja, naisikia sauti yako inaingia dirishani: mwakeye, mama, mwakeye.

Zilikuwa zangu, Merina. Hakuwa anakulipa chochote. Hakujua pa kubonyeza ili zinifikie, basi zimekaa humo tangu Januari, na wewe umezila zote. Ndiyo maana alikuambia "ya nini tena". Ya nini, wakati simu imekwenda?

Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu mpaka meno yakauma. Sasa najua.

Mama atapanda boti la Pastory tarehe 20 Mei. Mwandae, na safari hii usinitajie mnyama yeyote.

Siwema


Mwamgongo,
Alhamisi, 9 Mei 2024

Wifi Siwema,

Wote wazima. Mvua imepungua. Ziwa linafungwa wiki ijayo, hakuna kuvua, watu wanaosha nyavu.

Nimekosa. Niliificha Jumatatu ya Pasaka mchana, nikasema nitaitoa jioni, nipate mchana mmoja tu wa kukaa naye. Nikaenda ziwani kufua. Niliporudi Gasper ameshashona magunia yote, na jinsi ya kumwambia afumue lile sikuijua. Nikamsingizia nyani. Sufuria kweli ni yeye.

Barua yako niliisomea kwenye mawe ya ufukweni, mbali na watu. Nilikaa pale mpaka Happiness akaanza kula mchanga. Nilikuwa napiga magoti kwenye majivu, wifi, naitikia salamu ya mtu mwingine. Na nilikuandikia kwamba ni zangu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba nilijisifu kwako.

Nilikwenda nikamwambia mama yote. Nikamuuliza, "Mama, zile za asubuhi, ulikuwa unanisikia nikiitikia?" Akasema, "Nilikuwa nakusikia. Sasa ningekuambia kwamba si zako?"

Nimekiri. Lakini nami nikuulize. Mama amekupigia makofi asubuhi thelathini na nane, anaongea na ukuta. Wewe ukipiga simu hukai hata kidogo, kabla hajamaliza kukuuliza watoto umeshasema uko bize. Mimi nimeiba simu. Wewe, njia ya kuja nani alikuibia? Mimi niliitikia kwa sababu nilikuwepo.

Nguo zake nimefua na kukunja. Kigoda nimekifunga kwa kamba aje nacho, hawezi kukaa kwenye viti vyenu vya kuzama. Uji asiupate wa moto sana. Asubuhi mwulize habari za mbuzi hata kama huko hakuna mbuzi.

Sikuzuii. Ningeweza, ningekuzuia.

Merina


Ujiji,
Jumapili, 23 Juni 2024

Wifi yangu Merina,

Pokea makofi. Hayasikiki kwenye karatasi lakini nimeyapiga kweli kabla ya kuanza kuandika, Esther amenitazama kama mgonjwa. Mwakeye, wifi. Watoto wamelalaje? Jino la Bariki limefika wapi? Kaka yangu na mgongo wake? Mbuzi je? Najua ziwa limefungwa na vichanja vyako vitupu. Nakuona umekaa huna cha kugeuza wala wa kuzungumza naye, na zamani ningefurahi.

Mama ni mzima. Nilimrudishia simu yake siku ileile ya kufika. Alifurahi, akauliza kama imenuka dagaa. Imenuka.

Wiki ya kwanza nilimtembeza kwa majirani wote. Wiki ya pili kila mtu alirudi kwenye kioo chake. Leodgar ana mpira. Patrick ana vita vya bunduki. Mimi nina vikundi vya wafanyabiashara, na vikinyamaza natazama harusi za watu nisiowajua. Mezani tunakaa watano na simu tano. Juzi Esther alimtumia Patrick ujumbe ampitishie chumvi, na wamekaa bega kwa bega. Mama alimwona Patrick anausoma, akadhani ni habari ya msiba.

Hivi ndivyo tunavyoishi, wifi, sikutaka ujue. Nilimtaka mama kwa sababu humu ndani sina wa kuongea naye. Barua yako ya kwanza, ulivyoandika kwamba mdomo wake haulali, nilipoisoma mara ya pili nililia, ndipo nikakujibu kwa ukali.

Na kwa nini sikuja miaka mitatu, uliniuliza ni nani aliyeniibia njia. Ni wewe. Siku ya msiba wa baba nilichelewa boti, nikafika maziko yameshapita. Nilimkuta mama amekuegemea wewe. Nilikaa upande wake wa pili usiku na mchana, siku tatu, hakuniegemea hata mara moja. Nikaapa sirudi kuona hicho kitu tena. Ulichukua mahali pangu, mimi nikachukua mji wako, na sijui kama wewe uliuhitaji mji wako namna hiyo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita kulipopambazuka nikasikia makofi chumbani kwa mama. Nikasema leo ni zamu yangu, mwenyewe nipo, mwenyewe nitaitikia. Niliiacha simu kitandani, nikatoka mbio, nikapiga magoti koridoni kwenye vigae. "Mwakeye, mwanangu," akasema, halafu akanyamaza. Nikaanza kupiga makofi. Mikono ilisahau mwendo wake, lakini nilipiga. Mwakeye, mama, mwakeye.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama akachungulia, simu yake iko kwenye kigoda, taa inawaka. Akaniambia, "Siwema, ngoja kwanza. Hii ni ya Merina."

Nilibaki pale sakafuni. Nilipokuwa mbali nilisalimiwa mimi. Nimemleta chumba cha pili, salamu zimerudi kwako. Na kitochi chako hakipokei video, nimemweleza, amesema haidhuru, wewe utasikia. Kila siku ananyamaza baada ya makofi, anageuza sikio dirishani. Anakungoja. Humu ndani hakuna moto wa kuni wala mtu uani, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Siku hizi anangoja muda mrefu kuliko mwanzo.

Nimeshindwa, wifi. Namrudisha. Jumamosi hii, tarehe 29, kwa boti la Pastory, na safari hii nakuja naye. Meza yangu ikaliwe na anayetaka kuikalia. Nitakaa wiki mbili, na simu yangu namwachia Esther, auze nayo au aitupe.

Nina ombi moja, na ujue limenigharimu kuliandika. Jumapili asubuhi, mama akipiga makofi, wewe nyamaza. Nenda ziwani, nenda chooni, jifunike kanga kichwani, vyovyote vile. Uniachie mimi nipige magoti uani niitikie. Asubuhi moja tu.

Wifi yako,
Siwema


Mwamgongo,
Jumatano, 26 Juni 2024

Wifi yangu Siwema,

Jino la Bariki limetoka lote, limepinda. Mbuzi amezaa. Nampa Pastory barua hii, anaondoka sasa hivi, kwa hiyo ni fupi.

Nimekubali. Jumapili nitakaa kimya. Majivu nimeshayazoa, nimekutandikia gunia pale uani usiumize magoti yako ya mjini, lile la kamba ya bluu, Pastory alilirudisha likiwa tupu.

Lakini ni asubuhi moja tu, wifi. Na ukichelewa kuitikia, naitikia mimi.

Merina